Mwethya wa Kupima Kompyuta

Mjukuu wangu ana jina langu. Kwetu Ukambani hilo si pambo. Aliyepewa jina lako ni wewe mwenyewe umerudi, safari hii ukiwa na meno yote. Akisifiwa, mimi ndiye navimba. Akitukanwa, hata nikiwa nyuma ya nyumba napepeta mtama, nimetukanwa mimi. Kwa hivyo msidhani niliingia mambo ya kompyuta kwa kupenda kuchungulia. Nilisoma hadi darasa la tatu, na hilo la tatu sikulimaliza kwa sababu mbuzi wa baba walihitaji mtu. Niliingia kwa sababu jina langu lilikuwa linatajwa vibaya kwenye foleni ya ndengu.

Ghala letu la ushirika liko kando ya barabara ya vumbi, mwendo wa punda kutoka Kathonzweni. Kabla halijajengwa tulikuwa tunawauzia ndengu, ambazo wengine huziita choroko, madalali wa barabarani, watu wanaopima kwa debe ambalo wameligonga matako kwa nyundo hadi likatanuka kama mjamzito wa miezi tisa. Ghala lilikuja na mizani miwili ya kweli, na nyuma ya wavu wa ofisi ikaja kompyuta, na nyuma ya kompyuta akaja mjukuu wangu, aliyesomea kazi hiyo Kitui mjini na kurudi nyumbani wakati wenzake wanakimbilia Nairobi. Nilimwona akiingia pale siku ya kwanza na viatu vyeusi vinavyong'aa, nikasema moyoni, tazama nilivyosoma.

Kazi yenyewe ni hivi. Kila mwanachama ana kadi yenye namba. Unaweka gunia juu ya mzani, msichana wa mzani anaingiza namba yako kwenye simu kubwa iliyofungwa pale kwa mnyororo, na kompyuta ya ofisini inaitafuta kadi yako pamoja na picha ya uso wako, ili usije na namba ya jirani. Halafu inaandika kilo. Halafu inaweka picha ya gunia lako na picha ya ndengu zako zikiwa kiganjani, ili kesho mtu asiseme ulileta wadudu. Risiti inatoka, unaenda zako. Siku za kawaida ni kufumba na kufumbua.

Siku ya soko ndiyo ilitufunua. Mavuno yalikuwa yameanza, watu wametoka kila kijiji, na kompyuta ikashikwa na usingizi. Msichana anaingiza namba, kiduara kinazunguka kwenye kioo, kinazunguka, na mwenye gunia anazungukwa na nzi. Jua likapanda. Punda wakalala chini na mizigo yao. Na ng'ambo ya barabara, kana kwamba ameitwa, dalali mmoja alikuwa ameegesha lori lake kivulini, debe lake limekaa juu ya stuli kama chifu. Kufika alasiri, wanawake wenye watoto mgongoni walianza kuvuka barabara mmoja mmoja, vichwa wameinamisha, kumpelekea dalali ndengu zao.

Mimi nilikuwa katikati ya foleni. Mwanamume mmoja nyuma yangu, mtu asiyenijua, akasema mashine hii imekabidhiwa msichana asiyejua kitu, akalitaja jina. Nikageuka nikamuuliza kama ananiita. Akasema hapana mama, ninamsema yule msichana wa ofisi. Nikamwambia basi umeniita. Wengine walikuwa wameshasikia, na jina likaendelea kusafiri mbele kwenye foleni likiniacha nyuma.

Jioni hiyo mjukuu wangu hakugusa muthokoi. Yeye anaishi kwangu, na mahindi ya kukobolewa nikiyapika na ndengu na mafuta huwa hayalali kwenye sufuria. Nilimuuliza kama mashine imekufa. Akasema haijafa, na hiyo ndiyo taabu: akiiangalia peke yake, ofisi ikiwa tupu, inakimbia. Watu wakijaa, inalala. Atatibu vipi ugonjwa unaojificha daktari akija? Alikuwa na programu ya kupima, ya kuidanganya kompyuta kwamba watu wamejaa. Aliijaribu. Ikampa majibu mazuri sana, na majibu hayo hayakufanana hata kidogo na ile siku ya soko.

"Hiyo programu inaandika faili moja kubwa, susu, kama mtu anayeburuta gogo," akaniambia. Kwetu susu ni nyanya, mama wa mzazi. "Sisi hatuburuti gogo. Sisi tunaokota vijiti, maelfu, kimoja hapa kingine kule. Nahitaji watu wa kweli."

Nikamwambia watu ninao.

Ninao kwa sababu mimi ndiye mkuu wa mwethya wetu. Asiyejua mwethya nimweleze: ni kikundi cha kufanyiana kazi. Leo tunalima kwako, kesho kwangu, kesho kutwa tunazibia mto mchanga ili maji yakae. Mwenye shamba anapika, wengine wanaimba na kuchimba. Kwenye mwethya hatuulizi sababu, tunauliza chombo. Nilipopitisha habari, swali lilikuwa moja tu: tulete jembe au sururu? Nikajibu, leteni magunia matupu. Wakaja. Tukayajaza mchanga wa mtoni nusu nusu, tukayapanga mbele ya ghala siku isiyo ya soko. Mjukuu wangu alikuwa ametengeneza pembeni, mle mle kwenye kompyuta, nakala ya kadi na picha zote za ghala, ili mchanga wetu usije ukaandikwa kuwa ndengu na watu wakalipwa kwa kubeba mto.

Ilikuwa kazi nzuri kuitazama. Mke wa mchungaji aliomba, tukaanzisha wimbo, tukajipanga kwa umri, wakongwe mbele, na tukapita kwenye mzani mmoja hadi msichana wake akachoka, ndipo tukahamia mzani wa pili kumpumzisha. Ukipima gunia lako unazunguka nyuma unarudi tena. Tulizunguka kama tunapura mtama. Na kompyuta ilikimbia jamani. Mjukuu wangu alikuwa ameshaifanyia mambo kadha wa kadha kwa pamoja: ameipangusa vumbi, ameipachika kipande cha kuongeza kumbukumbu, amebadilisha na mipangilio ambayo hata sikuuliza. Kila tulipopita aliangalia saa yake na tabasamu likazidi kupanuka. Tulimaliza, tukala, tukaenda nyumbani.

Jumapili nilisimama wakati wa ushuhuda. Sikusimama kwa muda mfupi. Niliwaambia ndugu na dada kwamba wale waliovuka barabara wasivuke tena, kwa sababu mkono wa Bwana na wa mjukuu wangu umeigusa ile mashine.

Siku ya soko iliyofuata ikawa mbaya kuliko ya kwanza.

Sitaki kuieleza yote. Watu walikuwa wengi zaidi, kwa sababu yangu, na kiduara kilizunguka kama kimelogwa. Lori la dalali likajaa hadi akatuma la pili. Mwenyekiti wa ghala akatoka ofisini. Huyu ni mzee wa kanisa letu, mrefu, mtu wa haki, lakini mdomo wake haukuwekewa breki. Alisimama mlangoni watu wote wakimwona, akamwambia mjukuu wangu, si kwa kelele, kwa ile sauti ya chini inayofika mbali: "Siku ya soko ijayo ikikwama tena, kitu hii inarudi kwenye boksi, na wewe unarudi kwa susu yako."

"Susu yake yuko hapa," nikasema. "Hakuna safari."

Watu wachache walicheka. Mjukuu wangu hakucheka. Nilimwona akikaza taya, na nikajua kilichomuuma. Kufukuzwa kazi kunauma, ndiyo, lakini kilichomuuma zaidi kilikuwa ni kwamba alipima, akaona kwa macho yake, na macho yakamdanganya.

Asubuhi yake alikaa nje kwenye kigoda huku nasuka kiondo, akaniita nione kitu. Alikuwa amekifungua kidude cha chuma kilichokufa, kidude cha kutunza vitu ndani ya kompyuta, wanakiita diski. Ndani kuna sahani inayong'aa kuliko kioo. Niliinama nikajiona uso, na lile pengo la jino. Juu ya sahani kuna kidole chembamba. Akaniambia kadi zote na picha zote zinakaa kwenye sahani kama hii, inazunguka, na kidole hiki ndicho kinachokimbia huku na huku kuzitafuta. Kikivitafuta vitu vilivyo pamoja, kinakwenda upesi. Kikiambiwa kichukue huku, kiandike kule, kirudi huku, ndio usingizi mnaouona.

Nikamuuliza mbona siku ya mwethya hakikuchoka.

"Kwa sababu hakikufanya kazi," akasema. "Susu, mlikuwa watu wale wale, mkizunguka. Kompyuta ikishamtafuta mtu mara moja inamweka karibu, kwenye kumbukumbu, kama wewe unavyoiacha chumvi kando ya jiko badala ya kuirudisha stoo. Mkirudi mara ya pili haikwenda kwenye sahani kabisa. Na nilivyoiongezea kumbukumbu, ikapata nafasi ya kuwaweka nyote kando ya jiko. Nilipima chumvi, sikupima stoo."

Hilo moja. La pili lilinifanya nicheke nikiwa sitaki. Tulikuwa na adabu kupita kiasi. Tulijipanga kwa umri, tukatumia mzani mmoja kwa wakati, tukangojana, tukaimba kwa mpigo ili tusigongane. Hakuna siku ya soko iliyo hivyo duniani. Siku ya soko mizani yote miwili inapiga kelele pamoja, karani naye ofisini anatoa hesabu ya jana, na mwenye punda mkorofi anataka apimiwe kabla ya kila mtu. Mwethya tuliulea miaka yote uwe wa amani, na amani hiyo ndiyo iliyotuponza. Wanawake wa mahali pengine wangempa mjukuu wangu fujo ya kutosha bila kuombwa.

Na kosa la tatu alijisomea mwenyewe: alibadilisha mambo mengi kwa mara moja, kwa hivyo hata kama kitu kimoja kilisaidia hakujua ni kipi. Akasema safari hii atageuza kitu kimoja, apime, ndipo aguse kingine. Kisha akanitazama.

"Nahitaji mwethya tena, susu. Lakini nataka waje wakiwa na tabia mbaya."

Sijawahi kupewa kazi ngumu kama hiyo. Nilikwenda kwanza kwa wale wa kanisa la mlimani, ambao sisi wa kanisa la bondeni tulikuwa tumegawana nao mahubiri lakini si chai. Nikawaeleza haja yangu. Mkubwa wao akaniuliza, mnatuita kwa sababu mnaona sisi ndio wenye tabia mbaya? Nikamwambia la, ni kwa sababu kadi zenu hazijawahi kupita kwenye majaribio. Hilo lilikuwa kweli, ingawa si lote. Nikaenda kituo cha matatu kwa mama mmoja Mwislamu anayeuza leso, mwanachama wetu tangu mwanzo, shamba lake liko chini ya barabara. Yeye hata sikumaliza. Akaniambia, mama, mimi nimeuza leso soko la Mwingi siku lori za Garissa zikipita, kusukumana nitawafundisha. Nikamwomba kila mtu aje na namba yake na namba za majirani zake, kwa kuwa kwenye majaribio nyuso hazikaguliwi, asije mtu akarudia namba moja.

Wakaja. Tukajaza mchanga tena. Nikapanda juu ya jiwe nikawaambia maneno ambayo sikudhani nitayatamka mbele ya mke wa mchungaji: leo hakuna mkubwa, hakuna mdogo, anayewahi amewahi, anayesukumwa asukume, na mtu akinipisha kwa sababu ya mvi zangu nitamkasirikia. Maombi yalifanywa lakini yalikatizwa, kwa sababu mama wa leso alishaanza kutembea na gunia wakati macho yamefumbwa. Basi ikawa vurugu. Mizani miwili kwa pamoja, karani akitoa hesabu zake, watu wakiitana majina. Mke wa mchungaji nilimsikia akimwambia mwanamke wa mlimani, "Samahani dada, nakusukuma." Yule wa mlimani akamjibu, "Sukuma basi, unangoja nini, barua?"

Kompyuta ikalala. Kiduara kikazunguka. Sote tukasimama, tukajua tumeiua kabisa. Nikatazama kwenye wavu, na mjukuu wangu alikuwa anacheka peke yake, mikono juu ya kichwa. Ndiye mtu pekee niliyewahi kumwona akifurahi kwa sababu kitu kimekwama. Ugonjwa ulikuwa umetoka nje mchana kweupe.

Ndipo akaanza kutibu, kimoja kimoja, na sisi tukirudi kusukumana kila mara, na kila mara kabla hatujaanza aliizima kompyuta na kuiwasha ili isikumbuke mtu, chumvi irudi stoo. Kwanza picha. Picha zote tangu ghala lifunguliwe zilikuwa zimerundikwa kwenye folda moja, kama familia nzima pamoja na kuku kulala chumba kimoja. Akazigawa kwa vijiji, na ndani ya kijiji kwa msimu. Tukapita. Ikawa afadhali, si sana. Kisha akagundua kwamba mashine ina kazi ya umbeya: kila mara kadi inapotazamwa, inaandika kwamba kadi imetazamwa. Haikubadilishwa, haikuguswa, imetazamwa tu, na kidole kinakimbia kwenda kuandika hivyo. Niliwahi kuwa na jirani wa namna hiyo, ukimwangalia kuku wake anaweka kichwani. Akaizima hiyo tabia. Tukapita, ikawa afadhali zaidi. Watu walianza kuona, wakaacha kulalamika juu ya mgongo.

Hapo ndipo mwenyekiti alipofika. Hakuitwa. Alisimama kidogo akiangalia wazee wa kanisa wawili wakipigana vikumbo, akauliza kama kuna aliyelewa, na alipoelezwa akavua koti, akabeba gunia la mchanga, akaingia kwenye foleni kama mtu mwingine. Nampa heshima yake kwa hilo.

Mjukuu wangu akasema sasa anajaribu cha mwisho. Akabonyeza vitu vyake. Na jamani, ikaruka. Namba inaingia, risiti inatoka, namba inaingia, risiti inatoka, hata msichana wa mzani alishindwa kuifuata. Hakukuwa na kiduara. Mwenyekiti alipata risiti yake kabla hajalishusha gunia vizuri. Akaipunga juu kwa mkono.

"Hapo hapo," akasema. "Usiguse tena. Iache hivyo hadi siku ya soko."

Mjukuu wangu akatoka nyuma ya wavu. Mwenyekiti ndiye aliyeishika kazi yake mkononi, naye ameridhika, na mtu mwenye akili ya kutafuta ugali angenyamaza.

"Mwenyekiti, hiyo siwezi kuiacha," akasema. "Hiyo ni kasi ya uongo. Kompyuta inasema imeandika wakati bado haijaandika. Kilo zako ziko mkononi mwake, hazijafika kwenye sahani."

"Uongo gani, na risiti ninayo?"

Hakubishana naye. Aligeuka akanitazama mimi, niliyekuwa nimesimama karibu na ukuta mahali waya wa stima unapoingilia.

"Susu, chomoa."

Ile betri ya kuishikilia kompyuta stima ikipotea ilikuwa imekufa kitambo, na kwetu stima haiagi ikiondoka, kwa hivyo jambo lenyewe si geni. Lakini kuchomoa kwa mkono wangu mwenyewe mashine ya watu wote, mwenyekiti akitazama, hilo lilikuwa geni kabisa. Nikamkumbuka akikaza taya siku ile. Nikachomoa. Vioo vikawa vyeusi, na mtu mmoja nyuma akasema uuui.

Alipoiwasha tena na ikaamka, aliomba namba ya mwenyekiti. Akaitafuta. Kadi ikaja, uso wake ukaja. Gunia halikuwepo. Wala la mtu wa mbele yake. Wala magunia ya wale watu wengine waliopita kwa ile kasi ya kuruka. Mwenyekiti akaitazama risiti, akautazama mzani, akaitazama tena risiti.

"Gunia langu liko wapi?"

"Umelibeba hapo kwenye karatasi, mwenyekiti," akasema mama wa leso. "Lipeleke jikoni lichemshwe."

Watu walicheka hadi wengine wakakaa chini, na nilimwona mwenyekiti akipigana na midomo yake isicheke. Lakini wenye mashamba hawakucheka sana. Kila mmoja alikuwa anaiona ile risiti ikiwa ya ndengu za kweli, kazi ya mvua nzima, na jibu kwamba haijulikani.

Mjukuu wangu akaeleza anavyotaka. Kilo ziandikwe kwanza, zifike kwenye sahani kabisa, ndipo risiti itoke. Hapo hakuna haraka itakayoifanya mashine idanganye. Lakini picha za gunia na za kiganja zinaweza kusubiri mkononi, ziandikwe kwa mkupuo mashine ikipata nafasi, maana picha ikipotea mtu hapotezi chakula. Akabadilisha hivyo, tukapita tena tukisukumana. Haikuruka kama ile ya uongo, ilitembea. Ilitembea kama punda mzuri, yule asiyekimbia na asiyesimama. Nikachomoa. Ikawashwa. Kilo zote zilikuwepo, mtu kwa mtu, na picha chache tu ndizo zilizopotea.

Mwenyekiti aliomba tuendelee, akaingia tena kwenye foleni, na tulipokuwa tumechanganyika kabisa, bila kumwambia mtu, alikwenda ukutani akachomoa mwenyewe. Mjukuu wangu alishtuka. Ikawashwa. Mwenyekiti akasoma namba yake kwa sauti, na gunia lake la mchanga likasomwa kilo kwa kilo. Akavaa koti lake.

"Tutaona siku ya soko," akasema, akaenda.

Jumapili hiyo sikusimama wakati wa ushuhuda, ingawa watu walinigeukia wakingoja.

Siku ya soko nilifika mapema na magunia yangu juu ya punda, na barabara ilikuwa tayari imejaa. Wale wa mlimani walikuwepo, wale wa bondeni, wale wa mbali ambao hawakujua lolote kuhusu mchanga. Dalali naye alikuwepo, stuli na debe. Niliona mjukuu wangu nyuma ya wavu. Hakuwa akifanya kitu. Amekaa, mikono juu ya mapaja, anatazama kioo kama mtu anayetazama maziwa motoni.

Foleni ikaanza kusogea, na ikaendelea kusogea. Mimi nilizoea kufika pale, kushusha mzigo na kutafuta mtu wa kuzungumza naye, lakini kila nilipoanza hadithi nilitakiwa kuvuta magunia mbele. Karibu na adhuhuri, vijiji kadhaa vilifika kwa pamoja, kiduara kikatokea. Kikazunguka. Watu wakaanza kunguruma. Mjukuu wangu hakuinuka. Kikazunguka kidogo tena, kikapotea, na risiti zikaendelea kutoka. Baadaye aliniambia alijua kitatokea, alikipima, na alijua kitaondoka. Kujua hivyo ni mali. Mimi sikujua, nilikuwa naomba.

Dalali alikaa na debe lake. Alinunua soda, akainywa, akanunua nyingine. Alasiri akaliwasha lori, na mnajua lori tupu kwenye barabara mbovu lina kelele za namna gani. Tulilisikia hadi kona ya mto.

Watu walipokwisha, jua bado liko juu, mwenyekiti aliingia ofisini. Nilikuwa nimeketi hapo nikimngoja mjukuu wangu, na sikujisumbua kutoka. Hakumsifu. Wanaume wa umri wake husifu ng'ombe tu. Alimuuliza kama mshahara wake ulishaandikwa kuwa wa kudumu au bado ni wa majaribio. Mjukuu wangu akasema ni wa majaribio. Akasema basi kamati itakaa wiki hii, na hilo liondolewe, kwa sababu ghala la wenzetu wa Ikutha linalala kila siku ya soko kama letu lilivyokuwa likilala, wameomba mtu, na yeye hawezi kuwaazima mtu ambaye si wake.

Mjukuu wangu alisema atakwenda. Lakini akamwambia kwamba hawezi kubeba mipangilio ya hapa na kuimwaga kule. Mashine yao ni nyingine, watu wao ni wengine, atapima kwao, kwa watu wao. Mwenyekiti akatikisa kichwa kama ameelewa, na nafikiri ameelewa.

Tukatoka. Nikamfungulia punda, tukaishika njia. Nilikuwa na wasiwasi mmoja, nikautoa. Mwethya wangu hauwezi kutembea hadi Ikutha na magunia ya mchanga, magoti yetu hayatakubali. Nikamuuliza atawafundisha vipi watu wa kule kusukumana, na ametuona sisi tulivyohangaika.

"Susu, Ikutha ni soko la ng'ombe," akasema. "Hao nitawafundisha kupanga foleni."